Klabu Iliyozaliwa Idara ya Maji Taka

Aprili 1963, Uganda ikiwa na miezi sita tu ya uhuru, Samuel Wamala aliunda timu ya kandanda. Alikuwa mkuu wa idara ya maji taka katika Halmashauri ya Jiji la Kampala, na wachezaji wa mwanzo wengi walitoka idarani kwake: watu wa mabomba na mitaro, kazi ambayo mkazi wa jiji huikumbuka pale tu uvundo unapomfikia mlangoni.

Ndiyo KCC, leo KCCA. Jina la utani lililoganda ni Kasasiro Boys, vijana wa takataka, na mashabiki wanalitamka kwa fahari.

Kwa miaka mingi timu ilisota madaraja ya chini. Ilipopanda Ligi Kuu katikati ya miaka ya 1970, haikukawia: ilitwaa ubingwa mwaka 1976 na tena 1977. Jaberi Bidandi Ssali, aliyekuja kuwa waziri, ndiye aliyekisuka kikosi hicho. Nchi ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, na Express, klabu pendwa ya Wankulukuku, ilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1977. Kushangilia mpira Kampala siku hizo halikuwa jambo jepesi.

Kisha ukaja 1978. Simba ya Dar es Salaam ilifika Kampala kuwania ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, ikafungwa na KCC fainali kwa mikwaju ya penalti. Hakuna klabu ya Uganda iliyokuwa imelibeba kombe hilo kabla. Mwaka huohuo mshambuliaji wao, Philip Omondi, alifunga mabao matatu Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana, akawa miongoni mwa wafungaji bora, na Uganda ikafika fainali. Uwanja wa klabu pale Lugogo una jina lake, na kwa haki kabisa.

Kombe la kanda lilirudi 2019 mjini Kigali, Azam ya Tanzania ikilala 1-0, baada ya miaka 41. Mwaka uliotangulia, Al Ahly ya Misri ilichapwa na KCCA 2-0 katika uwanja wa Namboole.

Majina ya Omondi na Bidandi yanajulikana. Ya wale vibarua wa 1963 yamo vichwani mwa wazee. Mwenye baba au babu aliyeifanyia kazi Halmashauri enzi hizo amkalishe, amuulize, aandike.