Neno la Shahidi Mmoja

Kuna sentensi moja kwenye Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ambayo kila dere angefaa kuijua kama anavyojua steji yake. Iko katika kifungu cha 43. Kwa ufupi inasema hivi: ukishtakiwa kwa kupita kasi inayoruhusiwa, huwezi kupatikana na hatia kwa sababu tu shahidi mmoja ameambia korti kwamba, kwa maoni yake, ulikuwa unaenda mbio kupita kiasi. Mimi si wakili, na digrii pia sina. Lakini sentensi hiyo inasomeka bila digrii, na nilipoifuata nyuma kujua imetoka wapi, ilinipeleka mbali sana na Thika Road.

Ilinipeleka Uingereza, mwaka wa 1903. Siku hizo gari lilikuwa kitu cha matajiri. Polisi walijificha vichakani kando ya barabara, saa mkononi, wakihesabu sekunde ambazo gari linachukua kutoka alama moja hadi nyingine. Wenye magari walikasirika, na walikuwa na watu wao bungeni. Mmoja wao, John Scott-Montagu, alikuwa mbunge na shabiki mkubwa wa magari. Mwaka huo ikapitishwa sheria iliyoleta nambari za usajili na leseni za udereva, na kupandisha kikomo cha kasi hadi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32 hivi. Humo ndani ikawekwa kinga: mtu hatahukumiwa kwa kupita kikomo hicho kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake.

Hawakuishia hapo. Mwaka wa 1905 waliunda chama, Automobile Association, kilichotuma vijana kwa baiskeli kuwaonya madereva kuhusu mitego ya polisi. Kama umewahi kuona mathree ikiwasha na kuzima taa kuwaambia wenzake kuna karao mbele, basi kazi yao unaijua. Mwaka wa 1910, katika kesi ya Betts dhidi ya Stevens, majaji waliamua kwamba kumwonya dereva ambaye tayari anavunja sheria ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Chama kikabadilisha mbinu. Vijana wake walizoea kuwapigia saluti wanachama wakipita. Sasa wanachama wakaambiwa: usipopigiwa saluti, simama uulize kuna nini.

Kinga hiyo ilitufikia kupitia kwa wakoloni. Sheria yetu ya Trafiki ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, nchi ikiwa ndani ya Hali ya Hatari. Miezi minne baadaye ikaja Operesheni Anvil. Maelfu ya watu walizolewa mitaani Nairobi, wakapangwa foleni mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, matundu mawili tu ya macho. Watu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, unapelekwa kizuizini bila kesi. Hebu fikiria: katika mji uleule, mwaka uleule, neno la shahidi mmoja halikutosha kumtoza mtu faini ya kuendesha gari mbio, lakini lilitosha kumfungia mwingine kwa miaka. Kinga ilikuwepo. Swali lilikuwa ni ya nani.

Siku hizi kinga hiyo ni ya sisi sote, kwenye karatasi. Mwaka wa 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza jinsi mtu anavyopaswa kujibu mashtaka. Usomewe kwa lugha unayoielewa. Jibu lako liandikwe kwa maneno yako. Ukikiri, kiongozi wa mashtaka aeleze yaliyotokea, nawe upewe nafasi ya kuyapinga. Ukiyapinga, korti iandike kwamba umekana. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 50, ikaongeza uzito: hesabiwa huna hatia, pewa muda wa kujitayarisha, onyeshwa ushahidi mapema, pewa mkalimani bila kulipa.

Hakuna hapo panapodai uwe na wakili. Ukisimama peke yako unaweza kumuuliza shahidi: Ulipima kasi kwa nini? Nani alishika kifaa? Kibao cha kikomo cha kasi kiko wapi? Lakini tusidanganyane. Kukiwa na kifaa kilichosoma kasi, hayo si maoni tena, na kinga ya kifungu cha 43 haikufikii. Na kama kweli ulikuwa unapaa, lipa. Barabara zetu zimezika watu wa kutosha.

Shida ni kwamba kinga hii inamsaidia tu aliyekana. Asubuhi moja nilikaa kwenye korti ya trafiki, benchi ya nyuma, kuona mambo yanavyoenda. Wengi walisema "ni kweli" kabla karani hajamaliza kusoma. Dere mmoja, mzee wa makamo, alisema "si kweli". Hakimu akamweleza kwa upole: utatoa dhamana, kesi itatajwa tarehe fulani, halafu itasikizwa tarehe nyingine. Mzee akanyamaza, unamwona anapiga hesabu: siku ngapi bila gari, mwenye gari atasemaje, nani atashika usukani wake. Akasema, "Basi mheshimiwa, andika ni kweli."

Hakimu alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akajibu ana hakika. Akaenda kulipa.

Matajiri wa 1903 walipata kinga ile wakiwa na pesa ya wakili na siku za kupoteza. Yule mzee alikuwa na sheria ileile, na Katiba juu yake. Alichokosa ni Jumatano mbili.