Usimamizi wa seva ya kusawazisha faili kwa mstari wa amri (Mombasa)

Seva binafsi ya kusawazisha faili ni kompyuta ambayo mwenyewe huiweka nyumbani au afisini ili itunze folda za watu kadhaa, na kila badiliko linalofanywa kwenye simu au kompyuta moja lifike kwenye nyingine zote. Programu huria iliyoenea kwa kazi hiyo ni Nextcloud, iliyoanzishwa Juni 2016 na Frank Karlitschek na wenzake walipojitenga na ownCloud, mradi ambao Karlitschek huyohuyo aliuanza 2010. Kuisimamia kwa mstari wa amri ni kuiandikia maagizo kwenye dirisha la maandishi la Linux, bila kubofya vitufe vya kivinjari. Maagizo hayo hupitia chombo kiitwacho occ.

Mombasa ni mahali pa pekee kwa jambo hili. Hadi 2009 Afrika Mashariki iliufikia ulimwengu kwa setilaiti, polepole na kwa gharama kubwa. Mwaka huo mkongo wa baharini wa TEAMS uliotandazwa kutoka Fujairah ulifika Mombasa, mkongo wa SEACOM ukaingia Julai, na ule wa EASSy ukafuata 2010. Lakini kukaa karibu na mlango wa mkongo si kinga. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilikata TEAMS kwa nanga yake. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikadorora. Siku kama hizo, mwenye faili kwenye wingu la ng'ambo hungoja. Mwenye seva ndani ya jengo lake huendelea kufanya kazi kupitia mtandao wa humo humo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na seva katika kisiwa cha Mombasa, kuliko hata kupunguza malipo ya kila mwezi.

Mji wa Kale wa Mombasa una masharti yake. Kuta nene za matumbawe na chokaa katika nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni hudhoofisha mawimbi ya Wi-Fi, kwa hiyo waya hutegemewa zaidi. Hewa ya chumvi hula viungo vya chuma. Umeme nao hukatika, na ukikatika hifadhidata ya Nextcloud ikiwa katikati ya kuandika, huenda ikaharibika. Betri ya kuhimili dakika chache na kuizima mashine kwa utaratibu ni ya lazima.

Mstari wa amri hulipa pale msimamizi anapokuwa mbali na seva. Msimamizi anayekaa Likoni hahitaji kuvuka kwa feri ili kumwekea mtu nywila mpya. SSH, njia salama ya kuiandikia maagizo mashine iliyo mbali, hubeba maandishi tu, hivyo hupita hata kwenye simu yenye bando dogo na mtandao hafifu, mahali ambapo ukurasa wa kivinjari ungekwama. Tatizo hujitokeza pale kampuni ya intaneti inapowagawia wateja wengi anwani moja ya nje: seva haifikiki moja kwa moja, na hulazimu kupitisha njia ya siri, kwa mfano kwa WireGuard.

Amri za occ huendeshwa kwa jina la mtumiaji wa seva ya wavuti, ambaye kwenye Debian na Ubuntu ni www-data: `sudo -u www-data php occ status`. Anayeziendesha kama root, mtumiaji mkuu wa Linux, hukataliwa, kwa kuwa occ hutaka mtumiaji anayemiliki faili ya config.php. Baada ya kusakinisha, hupangwa eneo la simu kwa `config:system:set default_phone_region --value="KE"` na saa ya kumbukumbu kwa `logtimezone` yenye thamani `Africa/Nairobi`.

Amri inayostahili kueleweka vizuri kuliko zote ni `files:scan`. Nextcloud haitazami diski kila wakati. Hutunza orodha ya faili katika hifadhidata, na kila faili na folda hupewa alama inayobadilika yaliyomo yakibadilika. Simu na kompyuta hulinganisha alama hizo na kupakua kilichotofautiana. Mtu akinakili picha za milango ya nakshi au michoro ya nyumba kutoka kwenye diski ya nje moja kwa moja hadi kwenye folda ya data, faili zipo lakini hakuna anayeziona, kwa kuwa orodha haijaguswa. `files:scan --path="mtumiaji/files/Picha"` huiingiza folda hiyo tu; `--all` hupitia hazina yote na kwenye diski kubwa huchukua muda mrefu. Wengi hukimbilia `--all` bila haja.

Matengenezo huanza kwa `maintenance:mode --on`, ambayo huwazuia watumiaji wasibadilishe kitu. Wakati wa kusasisha Nextcloud, toleo kuu halirukwi: lazima kupanda ngazi moja moja, kisha `occ upgrade`. Kazi za nyuma ya pazia huachiwa cron, kipanga ratiba cha Linux, kila dakika 5.

Nakala ya akiba ina sehemu nne zinazopaswa kuchukuliwa pamoja: folda ya config, folda ya data, folda ya themes na hifadhidata. Data bila hifadhidata hupoteza viungo vya kushirikishana na akaunti za watumiaji. Nakala moja ikae nje ya kisiwa, iliyofungwa kwa nenosiri, maana moto au maji havibagui mashine mbili zilizo chumba kimoja.

Mwenye seva hubeba pia wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 humtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa sababu hiyo `twofactorauth:enforce --on` iwashwe mapema, mara watumiaji wakishaelekezwa namna ya kuthibitisha mara mbili.

Msomaji mwenye seva ambaye hajawahi kuirudisha nakala yake kwenye mashine nyingine na kuona faili zikifunguka, aanze na jaribio hilo kabla ya kujifunza amri nyingine yoyote.