Kiingilio, Kelele na Macbeth

Jioni ya tarehe 18 Septemba 1809, John Philip Kemble alitoka mbele ya pazia la ukumbi mpya wa Covent Garden, London, akiwa tayari amevaa mavazi ya Macbeth. Alikuwa meneja wa ukumbi na ndiye mwigizaji mkuu, na alikuja kutoa hotuba ya kufungulia jengo. Midomo yake ilionekana ikicheza, lakini sauti haikumfikia mtu. Watazamaji, ambao dakika chache kabla walikuwa wameuimba wimbo wa mfalme kwa heshima zote, sasa walikuwa wakizomea, wakipiga miluzi na kugonga sakafu kwa fimbo. Mchezo ulipoanza, wengi walisimama juu ya mabenchi wakaupa jukwaa mgongo. Dada yake Kemble, Sarah Siddons, aliyesifiwa Uingereza nzima kwa kumwigiza Lady Macbeth, alicheza usiku ule kama bubu. Mahakimu walipanda jukwaani kusoma sheria ya kutawanya ghasia, wakazomewa wao pia. Usiku wa manane ulipita watu bado wamo ndani.

Hakuna aliyekuwa na ugomvi na uigizaji. Ugomvi ulikuwa wa kiingilio.

Covent Garden ya zamani iliungua tarehe 20 Septemba 1808, na zaidi ya watu 20 wakafa katika moto huo na kuporomoka kwa jengo. Kujenga upya kuligharimu fedha nyingi, na wenye ukumbi wakaamua kuzirudisha kwa kuwatoza watazamaji. Nafasi kwenye vijumba vya pembeni ilitoka shilingi 6 ikawa 7. Mabenchi ya chini, mbele ya jukwaa, yalitoka shilingi 3 na peni 6 yakawa shilingi 4. Nyongeza ya peni 6 peke yake haikutosha kumfanya mtu apige kelele miezi mitatu. Kilichowachoma zaidi ni ramani ya jengo lenyewe. Safu nzima ya tatu ilikuwa imegeuzwa vijumba binafsi, vya kukodishwa kwa mwaka na matajiri, kila kimoja na chumba chake cha faragha kwa nyuma. Watu wa kawaida walisukumwa juu kabisa chini ya dari, mahali penye mwinuko mkali kiasi kwamba aliyeketi huko aliona miguu ya waigizaji na kidogo sana zaidi ya hapo. Watu wakapaita matundu ya njiwa.

Halafu kulikuwa na suala la mahali pengine pa kwenda. Karibu hapakuwapo. Kwa hati alizotoa Mfalme Charles wa Pili miaka ya 1660, ni kumbi mbili tu za London, Covent Garden na Drury Lane, zilizokuwa na ruhusa ya kuonyesha tamthilia za mazungumzo katika msimu mkuu. Kumbi nyingine zililazimika kujificha nyuma ya nyimbo, farasi na vichekesho vya bila maneno. Drury Lane nayo iliteketea Februari 1809. Kemble alikuwa amebaki karibu peke yake sokoni, na ndipo alipopandisha bei. Kwa macho ya mpenzi wa maigizo wa London, ukumbi wenye hati ya mfalme haukuwa duka la mtu binafsi. Ulikuwa na kitu cha umma ndani yake, na umma ulijiona una haki ya kuukalipia.

Wakaukalipia kwa siku 67 za maonyesho. Kila usiku walirudi na mabango, pembe, kengele, kayamba za mbao za walinzi wa usiku, na siku nyingine hata nguruwe. Herufi O na P, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya bei ya zamani, zilionekana kwenye kofia, vitambaa, feni za akina mama na medali zilizochongwa maalumu. Ikabuniwa hata ngoma yake: watu mamia wanakanyaga sakafu kwa mpigo mmoja huku wakitamka herufi hizo, mpaka mbao zinatikisika. Wengi wao hata hawakulipa bei waliyokuwa wakiilalamikia. Desturi iliruhusu kuingia kwa nusu bei baada ya kitendo cha tatu, basi walingoja nje, wakaingia kwa nafuu, wakapiga kelele mpaka mwisho.

Kemble alifanya makosa ambayo kila mwenye ukumbi aliyechanganyikiwa angeyafanya. Aliwapa mabondia tiketi za bure wakae katikati ya watu na kuwanyamazisha kwa ngumi, akiwamo Daniel Mendoza aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza. Fujo zikazidi. Msimamizi wa milango akamkamata wakili mmoja, Henry Clifford, kwa kuvaa herufi zile kwenye kofia. Clifford akashitaki kwamba amekamatwa kinyume cha sheria, na mwanzoni mwa Desemba akashinda. Tarehe 14 Desemba wapinzani walifanya karamu yao katika hoteli ya Crown and Anchor, na Kemble mwenyewe akaenda kukaa nao mezani. Yalimalizika hapo. Mabenchi ya chini yalirudi shilingi 3 na peni 6, vijumba vya pembeni vikabaki 7, vijumba binafsi vikapunguzwa, mashitaka yakafutwa, msimamizi wa milango akapoteza kazi. Kemble aliomba radhi hadharani jukwaani, na bango likainuliwa kutoka chini kutangaza kwamba watazamaji wameridhika.

Ni kisa kitamu, na ni rahisi kuwashangilia walioshinda. Ila yafaa kuwakumbuka pia waigizaji wadogo wa Covent Garden, ambao hawakupanga bei wala kuchora ramani, na ambao kwa robo mwaka nzima walikariri, wakavaa, wakapakwa rangi, wakaenda kuwachezea watu waliowageuzia migongo.

Tabia ile ya watazamaji haikuzuka 1809. Katika Globe ya Shakespeare, iliyofunguliwa 1599, aliyelipa peni moja alisimama uani mchana kweupe, jua likimwangaza yeye sawasawa na mfalme wa kuigiza aliye mbele yake. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua misingi ya ukumbi jirani wa Rose mwaka 1989 walikuta maganda ya njugu kwa wingi. Huenda baadhi yalitoka kwa watu waliokuwa wakitafuna huku Hamlet au ndugu zake wakifa. Karne mbili baadaye kumbi zilikuwa na paa, lakini mishumaa iliwaka juu ya watazamaji mwanzo hadi mwisho. Ukiingia ulionekana, na wengi walilipa ili waonekane. Vijana wa kitajiri walikuwa wakinunua nafasi za kukaa juu ya jukwaa lenyewe. Paris iliwaondoa huko mwaka 1759, na London ikafuata miaka michache baadaye.

Wafaransa walikuwa na ufundi wa aina yake. Katika Opera ya Paris ya miaka ya 1830, makofi yalikuwa ajira. Kiongozi wa wapiga makofi, aliyejulikana kwa jina la Auguste, alihudhuria mazoezi, akajadiliana na mkurugenzi mahali pa kushangilia, kisha akawapanga watu wake ukumbini. Kulikuwa na wa kucheka, wa kulia na leso, na wa kuomba wimbo urudiwe. Mwimbaji asiyelipa alijua kitakachompata.

Lakini ushabiki wa jukwaa ulifika pabaya zaidi ng'ambo ya Atlantiki, na mchezo ukawa ni huohuo wa Macbeth. Mwigizaji wa Kimarekani Edwin Forrest alizomewa London mwaka 1845, akaamini kazi hiyo imefanywa na mkono wa mpinzani wake Mwingereza, William Charles Macready. Mwaka uliofuata alimfuata Edinburgh, akaketi katika kijumba chake, na katikati ya Hamlet akamzomea Macready kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. Magazeti yakalichukua. Ikawa si suala la nani anaigiza vizuri tena: Forrest alikuwa wa wafanyakazi wa New York na wa taifa changa, Macready wa matajiri na wa mkoloni wa jana. Anayekumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1990, mashabiki wa vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano walivyogawanyika baina ya waimbaji Khadija Kopa na Nasma Khamis, anajua jinsi mapenzi ya msanii mmoja yanavyoweza kugeuka kabila. Tofauti ni kwamba Dar ilimaliza mambo yake kwa mipasho.

New York haikumaliza hivyo. Macready alikuja kucheza katika Astor Place Opera House, ukumbi uliofunguliwa 1847 na uliowataka wanaume waje wamenyolewa na kuvaa glovu. Sharti hilo peke yake lilitosha kuwafungia nje wachukuzi na wachinjaji wa mtaa wa Bowery. Tarehe 7 Mei 1849 alirushiwa mayai, viazi, viatu, na mwishowe viti. Aliamua kurudi kwao. Watu 47 wenye majina, miongoni mwao waandishi Washington Irving na Herman Melville, wakamwandikia barua ya wazi kumsihi abaki. Akabaki. Usiku wa tarehe 10 Mei watu wapatao 10,000 walijaa barabarani, mawe yakavunja madirisha huku Macbeth akiendelea ndani, na wanamgambo waliopelekwa kulinda ukumbi wakafyatua risasi. Watu wasiopungua 22 walikufa, baadhi yao wapita njia tu. Macready alitoroshwa amejibadilisha mavazi. Forrest usiku huohuo alikuwa akicheza Spartacus katika ukumbi mwingine wa jiji hilohilo.

Baada ya hapo ukimya uliingia, na haukuingia kwa mahubiri. Uliingia kwa samani na kwa taa. Wenye kumbi walipanga upya viti ili mtu wa kelele akae mbali au asije kabisa. Mwaka 1880 akina Bancroft, mume na mke waigizaji, walipofungua upya ukumbi wa Haymarket ya London, waliondoa mabenchi ya bei nafuu ya chini na kuweka viti vya kuegemea vya bei kubwa. Usiku wa kwanza watu walipiga kelele kama dakika 20 wakiuliza mabenchi yao yako wapi, kisha wakashindwa. Mwaka 1876 mtunzi wa opera Wagner alifungua ukumbi wake Bayreuth: hauna vijumba vya pembeni, wapiga ala wamefichwa shimoni, taa za watazamaji zimefifishwa. London nayo, chini ya mwigizaji Henry Irving katika ukumbi wa Lyceum, ikazoea giza, na mwaka 1881 ukumbi wa Savoy ukawashwa wote kwa umeme, ambao huzimwa kwa swichi. Mtu asiyeonekana hana sababu ya kupiga ngoma.

Mtindo huu uliochongwa Ulaya ndio uliosafirishwa kwenye makoloni. Kenya National Theatre ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1952, watazamaji waliokusudiwa walikuwa walowezi, na adabu iliyotarajiwa ilikuwa ya kwao: kaa, nyamaza, piga makofi mwishoni. Pwani kulikuwa na adabu nyingine kabisa. Katika taarabu, shabiki anayeguswa na ubeti huinuka, hutembea kwa madaha mpaka jukwaani, humtuza mwimbaji fedha mkononi, na njiani hupita makusudi karibu na yule ambaye maneno yanamhusu. Anayekaa kimya mpaka mwisho ndiye anayeudhi.

Na Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu waliojenga wenyewe ukumbi wa wazi kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, walihudhuria mazoezi tangu mwanzo na kuwasahihisha waigizaji pale kijana alipomsemesha mzee isivyostahili. Mvua iliponyesha mchezo ulisimama, watu wakangoja, ukaendelea. Serikali iliupiga marufuku Novemba ya mwaka huohuo. Watazamaji wanaotoa maoni yao katikati ya mchezo huitia serikali hofu kuliko wanaopiga makofi mwishoni.

Globe iliyojengwa upya London, iliyofunguliwa 1997, imerudisha uani watu wa kusimama na mwanga wa mchana. Mwaka 2012 ilialika tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kiliwakilishwa na kundi kutoka Kenya lililoleta Wanawake wa Heri wa Winsa, Mrisho Mpoto wa Tanzania akimwigiza Falstaff. Ni mchezo wa mume mwenye wivu, mlafi anayejiona mtanashati, na wake wawili wanaomfanyia njama: mtazamaji yeyote wa vichekesho vya Kiswahili angeshajua pa kucheka kabla ya kuambiwa.

Sehemu kubwa ya majukwaa ya London na New York, hata hivyo, imebaki na giza, na vita vipya ni vya vitu vinavyong'aa gizani. Julai 2015, katika Lincoln Center, mwigizaji Patti LuPone alishuka katikati ya mchezo akamnyang'anya mtazamaji simu aliyokuwa akiandikia ujumbe. Mwezi uliofuata Benedict Cumberbatch alitoka nje ya Barbican kuwasihi mashabiki wasimrekodi akiwa Hamlet, kwa kuwa aliziona taa nyekundu za kamera zao kutoka jukwaani. Mwaka 2022 Broadway ilifungia simu za watazamaji wa mchezo wa Take Me Out katika vifuko maalumu, na bado picha za mwigizaji akiwa uchi zikavuja. Hili la mwisho halina utetezi wowote.

Kuimba ni shauri jingine. Aprili 2023, katika Palace Theatre ya Manchester, onyesho la The Bodyguard lilisimamishwa dakika chache kabla ya mwisho kwa sababu watazamaji kadhaa waliimba kwa nguvu wimbo mkuu, wakimfunika mwimbaji aliye jukwaani. Walitolewa nje, polisi wakaitwa. Wapenzi wa maigizo Uingereza nzima wakagawanyika: wengine wakasema wamelipa kuusikia wimbo kwa mwenye sauti yake, wengine wakauliza nani hununua tiketi ya nyimbo anazozijua tangu utotoni ili afunge mdomo. Bei ya tiketi ilitajwa na pande zote mbili. Mkuu wa Edinburgh Playhouse, aliyekuwa amechoka kuona wafanyakazi wake wakitukanwa na kupigwa na walevi, alikuwa na ombi kwa wanaotengeneza maonyesho hayo: waache kuyatangaza kama sherehe ya kucheza kwenye njia za kati ya viti.