Kipimo cha Kardashev kikiletwa Changamwe

Wasomaji wangu, kuna swali ambalo sisi watu wa kompyuta hupenda kuulizana: wanadamu tumefika daraja gani la ustaarabu? Jibu la haraka ni 0.7. Litatajwa jina la Kardashev, kisha mazungumzo yatarukia nyota na vyombo vya angani. Leo tusiruke. Nataka tukitazame kipimo chenyewe, tujue kilitoka wapi na kilitengenezwa kwa kazi gani. Halafu tukilete huku bara ya Mombasa, tuone kinasema nini na kinanyamaza wapi.

KILIANZA NA REDIO

Nikolai Kardashev (1932-2019) alikuwa mtaalamu wa nyota wa Urusi, enzi za Muungano wa Sovieti. Mwaka 1964 alichapisha makala fupi yenye swali la kifundi kabisa: kama kuna viumbe wa mbali wanaotuma ujumbe kwa redio, mtambo wao unahitaji nguvu kiasi gani ili sisi tuusikie? Jibu linategemea wana nishati kiasi gani, kwa hiyo akawagawa katika madaraja matatu. Daraja la I ni jamii inayotumia karibu nishati ambayo dunia ilikuwa ikitumia wakati ule, wati trilioni 4 hivi. Daraja la II inavuna nishati yote ya nyota yake, yaani wati 4 ikifuatwa na sifuri 26. Daraja la III inavuna galaksi nzima: 4 na sifuri 37.

Alionyesha pia kwamba matumizi yakikua kwa asilimia 1 tu kila mwaka, tutalifikia Jua baada ya miaka 3,200 hivi, na galaksi baada ya miaka 5,800. Hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuirudia. Ni riba juu ya riba tu.

Katika makala hiyo hiyo alitaja vyanzo viwili vya redio alivyovitilia shaka, CTA-21 na CTA-102. Mwaka 1965 wenzake walitangaza kwamba mawimbi ya CTA-102 yanapanda na kushuka, na habari ikaenea duniani kuwa huenda kuna mtu anaongea. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa kwasari, kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa chenyewe.

Pwani yetu nayo ina fungu katika somo hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama mionzi ya eksirei angani. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, ilipewa jina Uhuru. Ilionyesha kwamba anga imejaa vitu vyenye nguvu za kutisha, na vyote ni kazi ya maumbile. Mwaka 2015 watafiti waliokagua picha za galaksi 100,000 hivi, wakitafuta joto linalobaki baada ya nishati kutumika, hawakuona hata moja iliyo wazi kuwa ya Daraja la III.

Hiyo 0.7 basi ilitoka wapi? Ilitoka kwa Carl Sagan wa Marekani, mwaka 1973. Aliona pengo kati ya daraja moja na jingine ni kubwa mno, akaweka fomula ya kujaza katikati:

K = (logi ya wati − 6) ÷ 10

Chukua nguvu kwa wati, hesabu sifuri zake, toa 6, gawa kwa 10. Alipofanya hivyo, Daraja la I lilisogea hadi wati 1 na sifuri 16. Ndiyo maana kwa kipimo cha 1964 tulishavuka daraja la kwanza kitambo, lakini kwa kipimo cha 1973 bado hatujalifika. Leo dunia inatumia wati trilioni 19 au 20, yaani K ya 0.73. Watu ni wale wale, dunia ni ile ile. Kilichobadilika ni rula.

PWANI TULIKUWA NA RULA ZETU

Hili la rula lisitushangaze. Watu wa pwani tumewapanga wenzetu kwa madaraja kabla ya mtu yeyote kujua wati ni nini. Kipimo cha zamani kilikuwa uungwana: umezaliwa huru au hukuzaliwa huru, una ukoo au huna, unakaa nyumba ya mawe au ya makuti. Karne ya 19, Waomani walipokuwa na nguvu, neno ustaarabu likapata uzito, na ndani yake limo Uarabu. Aliyekuwa nje ya mstari aliitwa mshenzi.

Kwa hiyo tunaposema kwa Kiswahili "daraja la ustaarabu", tunatumia neno ambalo lenyewe ni rula ya watu fulani wa zama fulani. Kardashev anastahili heshima hapa, kwa sababu wati hazina ukoo wala kabila. Lakini tuone hizo wati zinaficha nini.

WATI ZA MWILI

Mwili wa binadamu hutoa joto la wati 100 hivi. Tia kwenye fomula: K ya mtu mmoja ni −0.4. Watu 10,000 pamoja ni wati milioni 1, na hapo K ni sifuri kamili. Kumbe sifuri ya Sagan ni mji mdogo wa watu wanaokula na kupumua tu.

Kwa kazi ya mikono kutwa nzima, mtu mwenye afya hutoa kama wati 75. Hiyo ndiyo iliyokuwa injini ya pwani kwa karne nyingi, pamoja na pepo za kaskazi na kusi zilizosukuma majahazi. Wengi waliotoa wati hizo mashambani hawakuwa wakijimiliki. Utumwa, ukiutazama kwa jicho la mhandisi, ulikuwa mfumo wa nishati: misuli ya mtu mmoja inaunganishwa na mahitaji ya mtu mwingine.

Mwaka 1873 Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, baada ya shinikizo la Waingereza na ujumbe wa Sir Bartle Frere. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society wakaanzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, wakayaita Frere Town. Kengele iliwekwa kuwaonya wakazi wavamizi wakija, na mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907.

Sasa mchukue mtu aliyelima shamba la bwana wake mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akalima shamba lake mwenyewe. Jembe ni lile lile, wati ni 75 zile zile. K ya jamii yake haikusogea hata desimali moja. Jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake, rula ya Kardashev hailioni.

STIMA

Kampuni ya umeme ya Kenya inaposimulia historia yake huanza mwaka ule ule wa 1875, na Barghash yule yule: inasema alipata jenereta ya kuwashia taa jumba lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908, inaendelea, mfanyabiashara wa Mombasa Harrali Esmailjee Jeevanjee akaichukua mitambo hiyo, ikazaliwa kampuni ya stima ya Mombasa. Mwaka 1922 iliungana na ile ya Nairobi kuwa East African Power and Lighting.

Rukeni mpaka Kipevu, upande wa Changamwe. Mwaka 1999 palizinduliwa kituo cha dizeli cha megawati 75, Kipevu I. Mwaka 2001 kikafuata cha Tsavo Power cha megawati 74, na mwaka 2011 Kipevu III cha megawati 120. Sasa gawanya: megawati 75 kwa wati 75 za mfanyakazi ni watu milioni 1. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yote ya Mombasa. Yaani kituo kimoja pale ukingoni mwa maji kilikuwa sawa na karibu Mombasa nzima, wazee na watoto wachanga ndani yake, ikifanya kazi ya sulubu usiku na mchana bila kulala.

Kwa fomula, Kipevu I peke yake ni K ya 0.19. Gridi yote ya Kenya, ambayo mahitaji yake ya juu yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, ni 0.34. Mtu akikwambia teknolojia haijatuongezea chochote, mwonyeshe hesabu hii.

MAFUTA YANAPITA

Changamwe ilijulikana zaidi kwa mafuta. Kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kilianza kazi mwaka 1963, na mwaka 1978 bomba la kilomita 450 hivi likaanza kupeleka mafuta Nairobi. Kiwanda kiliacha kusafisha mwaka 2013, matangi yakabaki kuwa ghala. Petroli na dizeli zinazoshuka bandarini kwetu zinaendesha magari Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo.

Angalia tatizo la uhasibu. Kipimo kinahesabu nishati pale inapochomwa. Meli ikileta tani 80,000 za mafuta, ndani yake mna nishati ya kutosha kutoa joto la megawati 100 kwa mwaka mzima. Inapita Changamwe kama mgeni asiyevua viatu, K inapanda kwingine. Wakati huo huo, kwenye nyumba nyingi za Changamwe, Kisauni na Likoni, chakula cha jioni kinapikwa kwa makaa, na sehemu kubwa ya nishati ya Kenya nzima bado ni kuni na makaa. Ukichukua wastani, mama mwenye jiko la makaa na mwenye matangi wote wamepewa alama moja.

RULA INAPOSOMA KINYUME

Sasa tuje kwenye fani yangu, maana hapa ndipo ninapokereka zaidi.

Miaka ya 1980 yalienea Kenya majiko ya makaa yenye udongo wa kuchoma ndani yake, ambayo hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Wali ni ule ule, moshi umepungua, pesa imebaki mfukoni. Kwa Kardashev, nyumba hiyo imeshuka daraja.

Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikula wati 150,000 hivi na kufanya hesabu 5,000 za kujumlisha kwa sekunde. Simu iliyo mkononi mwa abiria wa feri ya Likoni inafanya mabilioni kwa wati chache. Ukizipima kwa fomula, ENIAC ni −0.08 na simu iko chini kabisa, karibu −0.6. Hakuna mwandikaji programu atakayekubali matokeo hayo. Kazi yetu yote ni kufanya mengi kwa kidogo.

Sagan mwenyewe aliliona pengo hili. Mwaka huo wa 1973 aliongeza herufi za kupima taarifa ambazo jamii inazo: A ni biti milioni 1, na kila herufi inayofuata ni mara 10. Dunia aliipa H, biti 1 na sifuri 13, kwa hiyo daraja letu kamili lilikuwa 0.7H. Diski ya terabaiti 2 inayouzwa madukani leo inabeba biti zaidi ya hizo. Watu wengi huikumbuka 0.7, ile H wakaiacha njiani.

KISICHOANDIKWA

Halafu kuna bei. Jirani na Changamwe, kule Jomvu, mtaa wa Owino Uhuru uliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Betri ni nishati iliyowekwa akiba, na kurejeleza betri ni jambo zuri likisikika kwa mbali. Kiwanda kilifanya kazi toka 2007 hadi 2014, na sumu ya risasi ikaingia kwenye udongo, maji na damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Tafuta mahali pa kuingiza damu ya mtoto katika fomula ya K. Hapapo.

Sisemi tuitupe rula ya Kardashev. Kwa kazi yake, kutafuta mawimbi ya redio angani, ni rula safi, na mwenyewe hakudai zaidi ya hapo. Sisi ndio tuliogeuza kipimo cha mtambo kuwa kipimo cha utu. Kama mwandikaji programu naona ni fomula yenye kigezo kimoja, wati, na inahitaji angalau vitatu vingine: nani anazipata, zinafanya kazi gani, na nani anabaki na taka zake.

Mkiulizwa tena wanadamu tuko daraja gani, jibuni 0.73, ni hesabu sahihi. Kisha muulizeni aliyeuliza kama Frere Town imo ndani ya hiyo 0.73.