Kihamba cha Shimbwe Juu: Bustani ya Nani?

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza kazi ya sanaa ni ya nani. Swali hilo ndilo nililopanda nalo Shimbwe Juu, Uru. Kule Nara, Japani, bustani ya kasri ya karne ya 8 iligunduliwa chini ya ardhi mwaka 1967, ikajengwa upya, ikafunguliwa 1998. Mwenyewe anajulikana: watawala. Shimbwe Juu nayo ilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Je, mwenyewe nani?

Tuanze na fani. Juu kabisa mringaringa, chini yake migomba, halafu kahawa, halafu magimbi na maharage. Kahawa ni mgeni wa wamisionari, mwishoni mwa karne ya 19, ila siku hizi imekaa kama mzaliwa. Mpakani ni masale, jani lilelile ambalo Mchaga humpelekea aliyemkosea akitaka suluhu. Mpaka na msamaha katika mmea mmoja! Sijui diwani gani ya mwaka huu ina sitiari nzito kuliko hiyo.

Historia tuliyofundishwa inawataja watawala: Mangi Rindi wa Moshi, aliyempokea Mwingereza Johnston mwaka 1884, mwanawe Meli, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Ni haki watajwe. Lakini mgomba wa Mangi nao ulitaka maji, na maji yalikuja kwa mfongo, ule mfereji uliochimbwa kwa mkono kuufuata mteremko. Ukoo wa aliyeuanzisha ndio uliosimamia zamu. Asiyefika kusafisha alijitia matatani. Utawala wa Mangi ulifutwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Zamu za maji hazikufutwa naye. Kwa hiyo nasema bustani hii ina waandishi wengi, na wengi wao wamezikwa humohumo, chini ya migomba.

Mpango wa urithi ulilenga kukarabati mifongo na mabwawa yake. Vizuri, lakini mfongo ukikarabatiwa unahitaji mikono kila mwaka. Mzee aliyenitembeza alinionyesha nyumba tatu zenye kufuli. Vijana wako Dar es Salaam, eti watakuja Krismasi. Basi watakuta mvua za vuli zimeshanyesha, na majembe ya mfongo yamewekwa darini.