Tarehe 30 mwezi wa sita: siku ya uhuru, na siku ya kukabidhi kazi

LUSANGI, Maniema – Kila Mkongomani anaijua tarehe 30 mwezi wa sita. Ndiyo siku nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, na hata mtoto wa shule ya msingi anaitaja bila kufikiri. Lakini tarehe hiyo ina maana nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika vilabu vya Rotary duniani pote, mwaka wa kazi unaanza tarehe 1 mwezi wa saba na kuisha tarehe 30 mwezi wa sita. Siku hiyo kiongozi wa klabu, awe mfanyabiashara wa Nairobi au kijana wa kambi ya wakimbizi, anasimama mbele ya wenzake, anaeleza mwaka wake ulivyokwenda, kisha anamkabidhi mwingine.

Jambo hili si la wageni peke yao. Lusangi pia ina viongozi wa kujitolea. Kuna kamati ya afya inayoitwa CODESA, kamati za wakimbizi wa ndani, kamati ya wazazi shuleni na likelemba za akina mama. Wengi wa viongozi hao hawana mshahara. Na wengi wao hawana siku inayojulikana ya kumaliza kazi wala ya kutoa hesabu. Ndiyo maana historia ya cheo cha mwaka mmoja inafaa kusimuliwa hapa, zaidi kwa sababu sehemu yake moja ilifanywa na Wakongomani waliokimbia vita.

Choo cha watu wote

Rotary ilianza jijini Chicago, Marekani, tarehe 23 mwezi wa pili mwaka 1905. Mwanasheria mmoja, Paul Harris, aliwaita wenzake watatu ofisini: Silvester Schiele aliyekuwa mwuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr aliyekuwa mhandisi wa machimbo, na Hiram Shorey, mshona nguo. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Jina la Rotary lilitoka katika mzunguko huo.

Harris ndiye aliyekuwa na wazo, lakini hakuwa yeye rais wa kwanza wa klabu. Cheo alipewa Schiele. Harris alingoja zamu yake kama wengine, na akaongoza baadaye.

Mwanzoni walikuwa wakisaidiana wenyewe tu katika biashara. Baada ya miaka michache wakaona kwamba klabu inayojihudumia yenyewe haitadumu. Kazi yao ya kwanza kwa ajili ya mji mzima ilikuwa kupigania vyoo vya watu wote katikati ya Chicago. Mtu aliyewahi kuishi mahali ambapo familia nyingi zinatumia choo kimoja hahitaji kuelezwa kwa nini walianzia hapo.

Katika Afrika Mashariki klabu ya Nairobi ilianza mwaka 1930, na ya Kampala mwaka 1957. Lakini ukweli usemwe wote. Katika miaka ya ukoloni vilabu hivyo vilikuwa hasa vya Wazungu na vya wenye mali. Wanawake nao walifungiwa mlango kwa muda mrefu. Ni mwaka 1989, baada ya mahakama kuu ya Marekani kuamua kesi juu ya jambo hilo mwaka 1987, Rotary ilipobadilisha sheria yake na kuwapokea wanawake kila mahali.

Vyama vya kwetu, na kazi ya lazima

Maniema haikuwa nyuma katika mambo ya vyama. Kijana Patrice Lumumba, mzaliwa wa Sankuru, alipita Kindu na kufanya kazi katika machimbo ya bati ya Kalima kabla ya kwenda Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Huko akawa karani wa posta, na jioni akawa mtu wa vyama. Aliongoza chama cha wasomi weusi wa mji huo na chama cha wafanyakazi wa posta. Ndiko alikojifunza kuitisha mkutano, kuandika taarifa na kusimama mbele ya watu. Miaka michache baadaye, tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, alisimama mbele ya mfalme wa Wabeljiji kama waziri mkuu na kutoa hotuba ambayo haijasahauliwa.

Lakini wazee wa Kasongo na Kabambare wana kumbukumbu nyingine juu ya kazi ya pamoja. Wakati wa ukoloni kulikuwa na kulima pamba na kutengeneza barabara kwa nguvu. Wakati wa Mobutu kukaja salongo, nayo ilikuwa ya lazima. Kwa hiyo mtu akisikia maneno kama kazi ya jumuiya, mara nyingi anauliza kwanza: nani ametuma, na nani atakula faida? Swali hilo lina haki yake. Tofauti kati ya salongo ya lazima na klabu ya kujitolea iko hapo hapo: katika klabu mtu anaingia kwa hiari yake, na aliyeongoza anatoa hesabu kwa wale aliowaongoza, si kwa mkubwa wa mbali.

Matone mawili na viongozi zaidi ya 30

Mama yeyote wa Lusangi anawajua watu wanaopita nyumba kwa nyumba na sanduku la baridi, wakiwapa watoto matone mawili mdomoni. Ni chanjo ya polio, ugonjwa unaolemaza miguu ya watoto. Rotary ilianza mpango wake mkubwa juu ya polio mwaka 1985. Mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine. Wakati huo ugonjwa huo ulikuwa ukikamata watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125.

Tarehe 25 mwezi wa nane mwaka 2020, kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Kutoka 1985 hadi siku hiyo ni miaka 35, na kila mwaka Rotary ilikuwa na rais mwingine. Viongozi zaidi ya 30 walishika kazi hiyo, wakaiacha, na mwingine akaichukua pale ilipofikia. Aliyeianza hakuwa tena madarakani ilipozaa matunda.

Kazi yenyewe haijaisha. Mwaka 2017 Maniema ilikuwa kati ya majimbo ya Kongo yaliyopata polio ya aina nyingine, ile inayotokea pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa: virusi dhaifu vya chanjo vinazunguka muda mrefu kati ya watoto wasio na kinga mpaka vinapata nguvu tena. Dawa yake ni kuwafikia watoto wote, na watoto wa familia zinazohama ndio rahisi zaidi kurukwa. Hapo ndipo mjumbe wa kamati ya mtaa, anayejua ni nyumba gani imepokea wageni jana usiku, anakuwa na thamani kuliko gari lililotoka Kindu.

Mganda ambaye hakuufikia mwaka wake

Mwaka 2016 Rotary ilimchagua Sam Owori wa klabu ya Kampala awe rais wake wa dunia kwa mwaka wa 2018 hadi 2019. Alikuwa mtu wa benki, mzaliwa wa upande wa Tororo, aliyeingia Rotary mwaka 1978. Mwafrika mmoja tu alikuwa ameshika cheo hicho kabla yake: Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, mwaka wa 2003 hadi 2004. Tangu Owori alipokuwa gavana wa Rotary katika eneo lake miaka ya 1980, vilabu vya Uganda viliongezeka kutoka 9 hadi 89. Malalamiko yake yalikuwa kwamba watu wengi wenye moyo wa kutumika hawajawahi kualikwa, kwa sababu walioingia mbele waliufunga mlango.

Owori hakuufikia mwaka wake. Alifariki tarehe 13 mwezi wa saba mwaka 2017 huko Dallas, Marekani, kwa matatizo yaliyofuata upasuaji. Kiti hakikugombaniwa. Barry Rassin wa Bahamas alichaguliwa, na tarehe 1 mwezi wa saba mwaka 2018 akaanza kazi.

Mtu anaweza kusema kwamba Owori hana mwaka wa kukumbukwa. Lakini kabla ya kufa alikuwa ameunga mkono jambo moja dogo, mbali na mikutano mikubwa.

Klabu ya Nakivale

Nakivale iko kusini magharibi mwa Uganda, katika wilaya ya Isingiro. Ni makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote nchini humo. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbilia huko. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Serikali ya Uganda inawapa wakimbizi kipande cha shamba, na sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Hata hivyo, mkimbizi ni mkimbizi. Anapanga mstari, anaandikwa, anahesabiwa, anangoja.

Mwaka 2016, hapo Nakivale, kulianzishwa klabu ya Rotaract, yaani tawi la vijana la Rotary. Vilabu vya Kiwatule na Mbarara viliisimamia, na shirika moja la Marekani la kusaidia wakimbizi likaunga mkono. Rais wake wa kwanza alikuwa Paul Mushaho, kijana wa Kongo aliyekuwa amekimbia nchi mwaka huo huo na kuanza kujitafutia maisha kwa kufuga nyuki na kuuza asali. Wanachama walitoka katika mataifa mbalimbali, mengine yakiwa na vita kati yao huko nyumbani.

Watu walishangaa. Vilabu vya aina hii vilizoea kwenda kambini kutoa msaada, halafu kurudi mjini. Sasa klabu ilikuwa kambini yenyewe, na watoaji walikuwa wale wale wanaopanga mstari. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2018, katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Nairobi, Rotary ilimheshimu Mushaho pamoja na vijana wengine waliotoa mfano mzuri.

Klabu ile haikuondoa ukimbizi. Haikumaliza vita vya Kongo wala kuongeza chakula cha mgao. Lakini ilibadilisha kitu kimoja: mkimbizi aliweza kusema mwisho wa mwaka kwamba amefanya kazi fulani kwa ajili ya watu fulani, na kumkabidhi mwenzake. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na mifugo alikuwa tena na kitu cha kukabidhi.

Mwaka mmoja unatosha nini?

Familia zilizokimbia mapigano yaliyozunguka machimbo ya dhahabu ya Namoya, upande wa Salamabila, zinajua maana ya maneno hayo. Kusini mwa Maniema, wengi wa waliohama hawakai katika hema za mashirika. Wanakaa nyumbani kwa watu, katika chumba kimoja na wenyeji, wakila chungu kimoja. Waswahili walisema zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji kama kila kamati inamwona kuwa jina la kuandikwa kwenye orodha tu. Fundi, mkunga, mwalimu, mhasibu wa likelemba: wote wanahama na ujuzi wao.

Kuna wanaosema kwamba mwaka mmoja ni mfupi, kwamba kiongozi anaanza tu kuzoea kazi na tayari anaondoka. Ni kweli. Ndiyo maana katika vilabu hivi atakayefuata huchaguliwa mapema, akatembea pembeni ya aliyeko, akajifunza. Na ufupi una faida yake. Anayejua kwamba mwezi wa sita atasimama mbele ya watu hawezi kuweka daftari chini ya godoro. Hawezi pia kujenga kila kitu juu ya jina lake mwenyewe, kwa sababu kikijengwa hivyo kitaanguka siku anapoondoka, nao watu watamwona bado yupo hai.

Nchi yenyewe ilichukua muda mrefu kujifunza somo hilo. Ni mwezi wa kwanza mwaka 2019 rais mmoja wa Kongo alipomkabidhi mwingine madaraka kwa amani, miaka 58 baada ya uhuru. Kamati ya kisima haihitaji kungoja muda huo.

Kiongozi wa kamati akitaka kujua mwaka wake ulikuwaje, asianze na idadi ya mikutano wala picha alizopigwa na wageni. Ajiulize ni pesa ngapi ziliingia na ziko wapi. Ajiulize ni nani alifanya kazi ambaye mwaka uliopita hakuwa amealikwa, na kati yao ni wangapi waliohama. Kisha amtafute yule atakayemfuata. Kama anajua daftari liko wapi, kisima kinatengenezwa na nani, na ni nyumba zipi zina watoto ambao hawajachanjwa, mwaka huo haukupotea. Kama hajui, bado kuna muda kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita. Amwite aje akae naye.