Nyaraka za ajira zinazohitajika kumhamishia mwenza Uingereza

NDOA inaweza kufungwa kwa siku moja Dar es Salaam au Mombasa, lakini safari ya kumfuata mwenza anayefanya kazi Uingereza husubiri karatasi. Kati ya nyaraka zote zinazodaiwa katika ombi la viza ya mwenza, zile za ajira ya mdhamini ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa, kwani kosa dogo la tarehe au tarakimu laweza kuwatenganisha mume na mke kwa miezi mingi zaidi.

Mdhamini kwa kawaida ni mwenza aliye raia wa Uingereza au mwenye ukaazi wa kudumu nchini humo. Tangu Julai 9, 2012, kanuni zilimtaka awe na kipato cha angalau pauni 18,600 kwa mwaka kabla ya makato. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kuwapo kwa kima hicho, ingawa ilikosoa namna kanuni zilivyozingatia maslahi ya watoto. Aprili 11, 2024, kima kilipandishwa hadi pauni 29,000 kwa waombaji wapya.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mshahara anaoupata mwombaji akiwa nje ya Uingereza hauhesabiwi. Mwalimu aliyeko Nairobi, hata akiwa na mshahara mnono, hawezi kuuongeza kwenye ule wa mumewe aliyeko London. Mzigo wa uthibitisho humwangukia mdhamini.

Kwa mdhamini aliyeajiriwa, nyaraka za msingi ni tatu. Ya kwanza ni hati za mshahara, yaani slipu, za miezi sita mfululizo. Ya pili ni taarifa za akaunti ya benki za miezi hiyo hiyo, zinazoonyesha mshahara ukiingia. Ya tatu ni barua ya mwajiri, yenye kutaja kazi anayofanya mdhamini, mshahara wake wa mwaka kabla ya makato, muda aliokaa kazini, muda ambao amelipwa kiwango hicho, na aina ya ajira: ya kudumu, ya mkataba wa muda maalumu au ya kupitia wakala.

Ofisa wa viza huzisoma nyaraka hizo kwa kuzilinganisha. Iwapo slipu ya Machi inaonyesha pauni 2,000 baada ya makato, kiasi hicho hicho kinapaswa kuonekana benki. Anayelipwa fedha taslimu na kuweka benki sehemu tu ya mshahara huhesabiwa kile tu kilichofika kwenye akaunti.

Mshahara ukiwa umepanda ndani ya miezi hiyo sita, kiwango cha chini ndicho kinachotumika. Aliyefikia pauni 29,000 miezi miwili tu iliyopita hulazimika kusubiri, au kutumia utaratibu wa miezi 12. Utaratibu huo huwahusu pia walio na chini ya miezi sita kwa mwajiri wao. Humo mdhamini huthibitisha mambo mawili: kwamba mshahara wa sasa unatosha, na kwamba katika miezi 12 iliyopita alipokea kiasi kinachotakiwa.

Mdhamini anayeishi na mwenzake nje ya Uingereza huonyesha kipato chake cha huko aliko, pamoja na uthibitisho wa kazi inayomsubiri Uingereza, itakayoanza ndani ya miezi mitatu baada ya kurejea.

Tarehe nazo ni mtego. Kipindi kinachothibitishwa kinapaswa kuishia ndani ya siku 28 kabla ya ombi kuwasilishwa. Wapo wanaokusanya kila kitu mapema, kisha wakasubiri cheti kingine hadi taarifa za benki zikapitwa na wakati. Ni busara karatasi za ajira ziwe za mwisho kukusanywa.

Zipo njia nyingine. Akiba ya pauni 88,500 iliyoshikiliwa kwa miezi sita inaweza kusimama badala ya kipato, na wadhamini wanaopokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumtunza mgonjwa hawabanwi na kima hicho. Waliojiajiri wana orodha yao tofauti.

Ofisa anaweza kuomba karatasi iliyokosekana, lakini halazimiki kufanya hivyo. Ombi likishakataliwa ada hairudishwi, na rufaa huchukua muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, inafaa kuangalia kima kinachotumika kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kisha kuzipanga slipu, taarifa za benki na barua mezani, mwezi kwa mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mshahara nao, usipokuwa na karatasi zinazokubaliana, mbele ya ofisa wa viza ni kama haukulipwa.